Mjalidi aliyeanza usonara akiwa na miaka 61

Bizimu ilirudi kwangu ikiwa imefungwa katika kitambaa. Ni ile ya kubana nguo kifuani, upana wa milimita 45: kipande cha mti mweusi ndani ya fremu ya fedha, na ukanda mwembamba wa ngozi ukipita katikati. Ilikuwa haijatimiza miezi minne tangu ikamilike. Sasa mti ulikuwa umepasuka, ufa mmoja mnyoofu toka juu hadi chini, ukifuata nyuzi za mti kana kwamba umechorwa kwa rula. Mwenyewe aliiweka mezani taratibu, akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Hakukosea yeye. Kosa lilikuwa langu, tena lilianza miezi mingi kabla ufa haujaonekana, siku ile nilipomwandikia ratiba ya masomo. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu watu wanaoingia kwenye usonara wakiwa na umri mkubwa ni wengi, na naamini wengi wao wanafundishwa kama nilivyomfundisha yeye mwanzoni, yaani vibaya.

Alikotoka

Mama huyu, ambaye ameniruhusu kuandika ila jina lake naliacha, alikuwa mjalidi wa vitabu kwa miaka 33. Kushona kurasa, kubandika majalada ya ngozi, kufufua vitabu vikuukuu vilivyoliwa na wadudu na unyevu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alistaafu, akakaa nyumbani mwaka mmoja, kisha akaja kwenye darasa langu akiwa na miaka 61. Siku ya kwanza nilimuuliza anataka kutengeneza nini. Wengi hujibu pete. Yeye alijibu: "Vitu vya kuvaa vyenye mti, ngozi, karatasi na fedha pamoja, na visiachane."

Neno hilo la mwisho ndilo lilibeba swali zima la kazi yake, nami sikulisikia. Nilimpa mtaala uleule ninaowapa vijana wa miaka 20: kukata kwa msumeno, kupiga tupa, kulainisha fedha kwa moto, kulehemu, pete bapa, pete yenye jiwe. Vifaa mchanganyiko viliwekwa mwishoni kabisa, kwa atakayefika. Nilimwona ni mtu anayeanza sifuri, aliyechelewa, anayepaswa kukimbizwa ili awafikie wenzake. Naye alikubali. Hapo ndipo pabaya: alikubali kwa heshima zote.

Macho na mikono

Niumalize mwili kwanza, maana ndio watu wanaouulizia kabla ya yote. Baada ya miaka 40 na kitu, lenzi ya jicho huwa imekakamaa na vitu vya karibu havisomeki tena bila miwani. Isitoshe, mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni takriban theluthi moja tu ya ule unaofika kwa kijana wa miaka 20. Kwa hiyo miwani peke yake haitoshi, lazima mwanga nao uongezwe. Tulimfungia taa mbili zenye mikono ya kupinda, moja kushoto na moja kulia, ili kivuli kisiangukie mstari wa kukata, tukampa na miwani ya kukuzia ya kuvaa kichwani. Kibao cha kukatia tulikiinua hadi usawa wa kifua chake akiwa amekaa, asiiname. Alikuwa akivunja bapa tano au sita za msumeno kwa saa moja, zikapungua hadi moja.

Kiungo cha chini ya dole gumba la mkono wake wa kulia kilikuwa kinamuuma, jambo la kawaida kabisa kwa wanawake wa umri wake. Mipini ya tupa tuliizungushia ngozi ikawa minene, na chochote kilichoweza kubanwa kwenye jiriwa hakikushikwa tena kwa vidole. Yote haya yalichukua wiki mbili. Mtu akikwambia umri umemzuia kwa sababu ya macho na mikono, mwangalie kwanza taa yake na mpini wake.

Taa zilizotuponza

Lakini taa zilezile zikatuletea tatizo ambalo sikuwahi kukutana nalo.

Fedha anayotumia sonara kwa kawaida ni asilimia 92.5 fedha na 7.5 shaba. Mchanganyiko huu huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 800 hivi za Selsiasi, na kufika 900 wote umekuwa maji. Lehemu ngumu, ile ya maungio ya kwanza, hutiririka kati ya 700 na 800 kutegemea aina. Ukizihesabu nyuzi hizo utaona kwamba nafasi kati ya kuunga na kuharibu ni ndogo, na sekunde chache za moto wa ziada zinatosha. Mafundi wengi huusoma moto kwa rangi: fedha ikianza wekundu hafifu imelainika, ukizidi kidogo lehemu inakaribia kukimbia.

Mama huyu aliyeyusha pete tatu mfululizo. Ilikuwa vilevile kila mara: uso wa fedha unang'aa ghafla kama maji yaliyotulia, kingo zinajikunja, na pete inakuwa tone. Nilidhani ni mkono mzito. Nikamwambia apunguze mwendo, arudishe moto nyuma, asubiri wekundu. Baada ya pete ya tatu alizima gesi, akavua miwani, akaniangalia. "Mwanangu," alisema, na hakuwa amewahi kuniita hivyo, "kila siku unaniambia ngoja wekundu. Mimi sioni wekundu wowote. Naona weupe tu."

Wekundu hafifu wa fedha hauonekani chini ya mwanga mkali. Kila fundi anajua hilo, ndiyo maana meza ya moto huwekwa kwenye kivuli. Nami nilikuwa nimemfungia taa mbili juu ya kazi na kumwagiza atafute rangi isiyoweza kuonekana hapo. Tulipozima taa, wekundu ukaonekana, ila sasa hakuona ungio wala vipande vya lehemu vimekaa wapi.

Dawa tuliipata kwenye boraksi, ule uji mweupe unaopakwa kwenye ungio ili hewa isiichafue fedha. Uji huo unapopashwa hukauka kwanza, ukafura na kuwa mweupe kama chokaa. Halafu, moto ukiendelea, unalala na kugeuka kioo angavu. Mgeuko huo unaonekana vizuri chini ya taa yoyote. Tangu siku hiyo hakuutafuta tena wekundu. Alikuwa akihesabu: chokaa, kioo, kisha moto mmoja wa taratibu kwenye ungio hadi mstari wa lehemu umeremete. Pete ya nne iliungana bila tatizo. Siku hizi nawafundisha hivyo wanafunzi wangu wote, wakubwa kwa wadogo, na ninasikitika kwamba nilifanya kazi miaka mingi bila kuuona ule uji kuwa kipimajoto.

Ufa

Sasa turudi kwenye bizimu. Fremu aliilehemu mwenyewe, safi. Kwa upande wa mti nilimwelekeza hivi: uchonge uingie kwa kubana, upake gundi ya epoksi mgongo mzima, ubonyeze, uache saa 24. Nilitaka kitu imara. Lakini mti haukufa siku ulipokatwa. Unavuta unyevu wa hewa na kuutoa, na kwa kufanya hivyo unapanuka na kusinyaa. Mwendo huu haulingani pande zote. Kwenye urefu wa nyuzi karibu haupo. Kukatiza nyuzi ndiko unakotokea: mti mbichi ukikaushwa kabisa unaweza kupungua asilimia 8 hivi ukiufuatisha mviringo wa shina, na nusu ya hapo kutoka kiini kwenda gome, ilhali kwa urefu haufiki hata asilimia 1. Mti uliokwisha kukauka hutembea kidogo kuliko huo, lakini bado hutembea. Fedha haijali unyevu hata kidogo. Ukigundisha mti mgongo mzima, hewa ikikauka mti utataka kusinyaa na hauna ruhusa, na usiposinyaa kwa amani utapasuka.

Nilipoanza kumweleza haya, alinikatiza. Alichana karatasi mbili nyembamba kutoka kwenye ukurasa mmoja, moja kwa urefu wa ukurasa, nyingine kwa upana. Akalowesha kidole, akapitisha juu ya kila moja upande mmoja tu. Ya kwanza ilijikunja kwa ubavu kama mfereji. Ya pili ilijiviringisha kutoka ncha hadi ncha. "Karatasi nayo ina njia yake," alisema. "Kitabu ukikijalidi njia ya karatasi ikakatiza mgongo badala ya kwenda sambamba nao, hakifunguki vizuri, na kurasa zinafanya mawimbi."

Nikamuuliza kama basi aliujua mwendo wa mti. Alinyamaza kidogo.

"Nilijua tangu uliponiambia nijaze gundi mgongo mzima. Nikajisemea, huyu ndiye mwalimu."

Sentensi hiyo sijaisahau, na ndiyo kiini cha kisa hiki. Mwanafunzi wa miaka 20 akiambiwa jambo lisilo sahihi mara nyingi hana cha kulipinga nalo. Huyu alikuwa na miaka 33 ya ujuzi wa vitu vinavyovuta unyevu, vinavyoshonwa na kubandikwa, na aliuacha ujuzi huo nje ya mlango kwa adabu, kwa kuwa aliamini kwamba kuanza upya ni kujifanya hajui. Nami nilimfundisha hivyo kila nilipompongeza kwa "kusahau mazoea ya zamani". Nilisema maneno hayo. Nayakumbuka.

Mshono

Nilimwomba aitengeneze upya bizimu kama angekuwa anajalidi. Alikaa wiki nzima na karatasi na penseli bila kugusa chuma. Alichokuja nacho hakikuwa na tone la gundi.

Bamba la nyuma la fedha alilitoboa matundu mawili katikati na mengine pembeni. Ya katikati yalikuwa ya mviringo, lakini ya pembeni aliyarefusha kwa tupa nyembamba kuelekea upande mti unakosinyaa. Kila tundu alilichimba mdomo kwa keekee nene, akausugua kwa msasa hadi uzi ukipita usikwaruzike, kwa sababu ukingo wa chuma hula uzi taratibu kila kitu kinapotikisika. Kisha akaushona mti kwenye fedha kwa uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, uleule aliokuwa akishonea kurasa. Katikati uzi umekaza. Pembeni umeshika tu, ukiuacha mti uteleze chini yake. Kati ya ukingo wa mti na fremu aliacha nafasi ya nusu milimita kila upande, nyembamba kiasi kwamba jicho huiona kama kivuli cha fremu.

Niliiangalia kwa muda mrefu. Ile mishono saba myeusi juu ya mti mweusi ilikuwa ndiyo inayoushika mti, na ndiyo iliyokuwa pambo lake.

Kuunga bila moto si njia ya mkato. Mchongaji wa Marekani Alexander Calder, aliyeishi 1898 hadi 1976, alitengeneza vito takriban 1,800, vingi vikiwa vya waya na mabamba ya shaba au fedha yaliyofuliwa kwa nyundo, na kwa kawaida aliviunga kwa kupinda, kuzungusha na kupiga ribiti, yaani vipini vifupi vya chuma vinavyofuliwa ncha, si kwa kulehemu. Ungio likionekana hivyo, mtazamaji anaelewa kitu kimeshikana vipi. Kwa anayechanganya mti, ngozi, karatasi na chuma, hili ni zaidi ya ladha: vitatu kati ya hivyo vinne haviwezi kukaribia moto. Mpango wake lazima uanze na chuma, kazi yote ya moto iishe, chuma kisafishwe na kung'arishwa, ndipo vingine vijiunge kwa uzi, kwa ribiti au kwa vibano. Pini ya nyuma ya bizimu bado ililehemiwa, na kwa hiyo muda wake kwenye boraksi haukupotea.

Mahali ujuzi wa zamani ulipompotosha

Nisimfanye malaika. Ujalidi ulimdanganya kwenye gundi. Kwa miaka 33 gundi ilikuwa rafiki yake, kwa kuwa karatasi, kitambaa na ngozi vina vinyweleo na gundi huingia ndani. Chuma kilichong'arishwa hakina pa kuingilia. Aliwahi kubandika ngozi juu ya fedha inayong'aa kama kioo, na baada ya wiki mbili akaibandua kwa ukucha, nzima, kama ganda. Ilibidi akubali kwamba pale gundi inapohitajika, fedha ikwaruzwe kwa msasa, ioshwe mafuta yote ya vidole, na bado kiwepo kitu kingine cha kuishika ngozi endapo gundi itaachia. Alibisha sana hapo. Ilibidi pia azoee glavu, kwani epoksi ambayo haijakauka ikigusa ngozi ya mtu mara kwa mara inaweza kumletea mzio usioisha maishani, na barakoa wakati wa kukata kombe la baharini, tena kwa maji, kwa sababu vumbi lake ni baya kwa mapafu. Kwa miaka yote ya ujalidi, vumbi lake lilikuwa la karatasi tu.

Ila kwenye ngozi na shaba alinifundisha yeye. Nilimshauri atumie vishikizo vya shaba ya manjano kwenye kidani cha ngozi, kwa rangi tu. Alikataa papo hapo. Vitabu vya zamani vyenye vifungo vya shaba, alisema, huota uchafu wa kijani kama nta pale shaba inapogusa ngozi, na uchafu huo huitia ngozi doa lisilotoka. Ni kweli: mafuta yanayotumika kulainishia ngozi yana asidi inayokula shaba polepole. Aliweka kikaratasi kilichopakwa nta kati ya viwili hivyo, kama alivyokuwa akifanya kwenye majalada. Safari hii hakusubiri niwe mwalimu.

Tulichokiacha

Baada ya bizimu ya pili tulikaa tukaupunguza mtaala. Kupachika mawe ya kukatwa tuliondoa. Kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu tuliondoa. Kulehemu tulibakiza kiasi cha fremu, pini na pete za kuunganishia. Muda uliobaki ukaenda kwenye mshono, ribiti na utafiti wa vifaa.

Mwalimu mwenzangu alinilaumu, akasema namtengeneza fundi nusu. Nimeifikiria lawama hiyo kwa uzito na siikubali. Kijana wa miaka 20 bado hajui atakuwa nani, kwa hiyo anastahili kuonjeshwa kila kitu. Mtu wa miaka 61 aliyekuja na swali lake mkononi anastahili kulijibu swali hilo, na muda wake una thamani nyingine. Ningemlaumu mwalimu ambaye angemkalisha miaka miwili kwenye kupachika mawe asiyoyataka.

Wakati huo ndipo nilipompa habari za Mary Delany, mwanamke wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1700. Mwaka 1772, akiwa na miaka 72, alianza kukata karatasi za rangi na kuzibandika juu ya karatasi nyeusi kuwa maua, petali kwa petali. Kufikia 1782, macho yalipomlazimisha kuacha, alikuwa ametengeneza maua 985, ambayo hadi leo yako British Museum jijini London. Kwa kawaida husimuliwa ili kuwapa wazee moyo. Mimi nilimsimulia kwa sababu nyingine: Delany hakuokota mkasi akiwa na miaka 72. Alikuwa amekata karatasi, amedarizi, na amepamba kwa makombe kwa miongo mingi. Mikono iliyoanza maua ile ilikuwa tayari inajua.

Mama alisikiliza, kisha akauliza karatasi zile zilibandikwa kwa gundi gani.

Sasa ana miaka 64. Katika miaka hiyo mitatu ametengeneza vitu 40 hivi, ameonyesha mara mbili pamoja na wengine, na baadhi vimepata wenyewe. Kuhusu kuuza bado hajatulia: huhesabu saa za kufua na kulehemu, na za kushona anazitoa bure, eti kushona si kazi, ni mazoea. Tumebishana juu ya hilo na hatujamaliza. Kwenye kadi ya maonyesho ya kwanza aliandika "mjalidi mstaafu". Kwenye ya pili aliandika "mjalidi", akaliondoa hilo neno jingine, nami sikumshauri abadilishe.

Bizimu iliyopasuka hakuitupa wala hakuitengeneza. Iko kwenye droo ya meza yake pamoja na kipimo cha bapa nyembamba za chuma. Kila mwezi anaingiza bapa kwenye ufa na kuandika upana wake katika daftari alilolijalidi mwenyewe, pembeni anaandika hali ya hewa. Kabla ya kukata mti mpya huangalia daftari hilo ili ajue aache nafasi kiasi gani pembeni. Wakati wa ukavu ufa umewahi kufika milimita 0.7. Aliponionyesha mara ya mwisho mvua ilikuwa imenyesha siku kumi mfululizo, na ufa ulikuwa umejifunga hata ukucha hauingii.